Siku moja bustanini na watoto wa umri tofauti

Ndugu, umeuliza namna ya kupanga siku moja katika bustani ya burudani ukiwa na watoto wawili, mmoja wa miaka 4 na mwingine wa miaka 9, bila yeyote kurudi nyumbani akinung'unika.

Kabla ya kukata tiketi, wapime urefu wakiwa wamevaa viatu watakavyovaa siku hiyo, kisha ulinganishe na masharti ya kila mchezo kwenye tovuti ya bustani, kwa kuwa treni nyingi za kasi za michezo (roller coaster) hazimruhusu mtoto asiyefikia kipimo, mara nyingi sentimita 102 au 122, na mhudumu mwenye fimbo ya kupimia habembelezeki. Ni afadhali mdogo aambiwe nyumbani kuliko kulia mbele ya foleni nzima. Uliza pia kama wazazi wanaruhusiwa kupokezana: mmoja apande na mkubwa, mwenzake abaki na mdogo, kisha wabadilishane bila kupanga foleni upya.

Fikeni kabla ya lango kufunguliwa na mwanze na mchezo unaopendwa zaidi, maana saa ya kwanza ndiyo yenye nafasi. Jua likiwa kali, ingieni kwenye maonyesho ya ndani. Huyo wa miaka 4 huenda akasinzia hapo, nawe usimwamshe. Namba yako ya simu iandike kwenye mkono wa kila mtoto kwa kalamu isiyofutika, na mkishaingia tu uwaonyeshe sare za wahudumu. Mimi ningeiacha theluthi ya michezo bila hata kuisogelea.