Amitriptilini, fluoksetini au mnasihi: mama apewe lipi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 58, ni mjane, tunaishi Morogoro. Miezi minne sasa hali chakula vizuri, anaamka saa tisa usiku na usingizi haurudi, na bustani yake ya mchicha ameitelekeza. Hospitali walisema ni sonona, wakamwanzishia amitriptilini miligramu 25 kila usiku. Hii ni wiki ya tatu: mdomo mkavu, choo kigumu, asubuhi akisimama anapepesuka. Mdogo wangu aliyeko Nairobi anasema hiyo dawa ni ya kizamani, atatuma fluoksetini. Shemeji anasema tuachane na vidonge, tutafute mnasihi. Mama anatumia pia dawa za presha. Tushike lipi?

JIBU: Marahaba, dada. Nianze na mdogo wako, maana yeye anaweza kuleta balaa kwa nia njema kabisa. Mwambie asitume kitu kwanza. Fluoksetini huzuia ini kuivunja amitriptilini, hivyo mama akimeza zote mbili, kile kidonge cha 25 kitajilimbikiza kwenye damu kana kwamba amemeza zaidi, na moyo nao unaweza kuyumba. Kubadilisha dawa inawezekana, ila hupangwa na anayemtibu: hii inashushwa, ile inaingia.

Amitriptilini ni ya zamani kweli, ipo tangu 1961, na fluoksetini ilikuja miaka ya 1980. Mimi uzee wa dawa haunisumbui. Kwa kuondoa sonona hazipishani sana. Zinapishana kwa yale zinayomfanyia mgonjwa mwilini, na hapo, kwa maelezo yako, naegemea upande wa mdogo wako (ndiyo, baada ya kumkemea). Kinachonitia hofu si mdomo mkavu, ni kule kupepesuka. Amitriptilini hushusha presha mtu anapoinuka, na mama tayari ana dawa nyingine zinazoishusha. Anaamka saa tisa, anakwenda chooni gizani, anaanguka, anavunjika nyonga. Nimeona hilo. Kama ana presha ya macho au tatizo la moyo, ndiyo kabisa haimfai.

Fluoksetini nayo ina yake. Humezwa asubuhi, kawaida miligramu 20, kwa sababu inaweza kukata usingizi. Wiki za mwanzo huleta kichefuchefu na wasiwasi. Angalia dawa zake za presha: kama mojawapo ni ya kukojoza, zikikutana zinaweza kushusha sodiamu kwenye damu, hasa kwa wanawake wa umri wake kwenda juu, na mtu akaanza kuchanganyikiwa. Ukiona hivyo, awahishwe kupimwa. Na kama ana mazoea ya kununua diklofenaki ya mgongo au tramado dukani, amtajie daktari kabla.

Ila msiseme amitriptilini imeshindwa. Haijajaribiwa. Miligramu 25 ni ya kuanzia. Kwa sonona kwa kawaida hupandishwa polepole hadi 75 au zaidi, na dawa yoyote ya aina hii huhitaji wiki sita hadi nane ndipo uihukumu. Kuna mama mmoja alikuja kliniki akaniambia dawa zangu hazifanyi kazi. Akafungua pindo la khanga, akatoa bahasha ya karatasi iliyoandikwa 1x1 usiku. Tukamwaga vidonge mezani tukahesabu. Alipewa 30, siku zimepita 28, vimebaki 17. Alikuwa anameza siku akijisikia vibaya, akiamka vizuri anavitunza. Wengi ninaowaona wanaodhani wamepewa dawa isiyowafaa wako hivyo: kipimo nusu, muda nusu. Mgonjwa akishapona anaendelea na dawa miezi tisa hadi kumi na mbili. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha, uliza famasi ya hospitali yenu: fluoksetini ipo kila mwezi, au mtaambiwa mkanunue nje? Na nje mtaimudu hadi mwakani? Kama jibu ni hapana, heri amitriptilini iliyopandishwa kwa uangalizi, baada ya kipimo cha umeme wa moyo, kuliko fluoksetini ya wiki tatu.

Shemeji naye ana hoja, tena nzito. Kwa sonona nyepesi mimi siandiki dawa, naanza na mazungumzo. Huyu wenu haonekani kuwa na nyepesi: hali, halali, ameacha kazi yake. Anahitaji vyote viwili. Na mnasihi si lazima awe msomi wa kutisha. Huko Masaka na Rakai, Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliwaweka wanakijiji wenye sonona kwenye vikundi vya mazungumzo kila wiki, vikiongozwa na wenyeji waliofundishwa, na nafuu yao ilikuwa kubwa kuliko ya wasiopata vikundi. Harare, Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda aliwafundisha mabibi wakae kwenye benchi nje ya zahanati wazungumze na wenye sonona, na wanatibu.

Wewe mwenyewe anza na mchicha. Usimwambie arudi bustanini, ataona mlima. Mwambie matuta mawili, saa kumi na mbili na nusu, kila asubuhi, moyo upende usipende, na wewe ubebe ndoo moja. Watu husubiri hamu irudi ndipo wafanye. Kwenye sonona hamu huja nyuma ya kazi.

Sasa jambo ambalo hukuliandika. Muulize mama, kwa maneno yasiyozunguka, kama amewahi kufikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo, wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye mtu ameuliza. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali leo hii. Lakini hata akisema hapana, vidonge vikae kwako, umpe kimoja kimoja, kwa sababu amitriptilini ikizidishwa inaua. Na ile chupa ya dawa ya wadudu ya bustanini, kaifungie mahali.

Siku ya kurudi kliniki wakumbushe kupima damu: upungufu wa damu, sukari, VVU na homoni za tezi ya shingo, kwani matatizo hayo huweza kujifanya sonona au kuizidisha. Na uwe na jibu la swali hili: je, amewahi kupitia kipindi cha kukesha siku kadhaa bila kuchoka, anaongea mfululizo, anagawa hela ovyo? Kama amewahi, hata miaka 20 iliyopita, useme, maana dawa hizi zikitumika peke yake zinaweza kumrusha kule tena, na mpango mzima unabadilika. Bebeni bahasha zote za dawa, za presha pia, hata zilizokwisha.