Kabla hujauliza: kwa anayeanza kujifunza Neno

Fungua Marko 9:31-34. Yesu anawaambia wanafunzi kwamba atauawa na kufufuka. Hawaelewi, na wanaogopa kumwuliza. Mara tu baada ya hapo tunasikia kwamba njiani walikuwa wakibishana nani mkubwa. Mambo hayo mawili hayajakaa karibu bure: anayelinda ukubwa wake haulizi, kwa sababu swali linamweka wazi.

Kabla ya kumwendea mchungaji au mwalimu, soma sura nzima na ile inayoitangulia, si ule mstari uliokukwaza peke yake. Maswali mengi huishia hapo hapo. Swali likibaki, liulizwe kwa mambo matatu: umesoma wapi, umeelewa nini, umekwama wapi. Kwa mfano: "Mchungaji, katika Luka 1 Zakaria anauliza atajuaje, anafanywa bubu. Mariamu naye anauliza itakuwaje, hakemewi. Tofauti ni nini?" Hilo linajibika, na jibu lake liko humo humo: mstari wa 20 unasema Zakaria hakuamini, na mstari wa 38 unamwonyesha Mariamu akikubali. Mmoja alidai uthibitisho, mwingine alitaka kujua namna. Ukisema tu "Nieleze kuhusu imani," mwalimu hajui aanzie wapi.

Swali pia linaweza kuwa kiburi kilichovaa kanzu. Mwanasheria wa Luka 10 aliuliza mara mbili: kwanza kumjaribu Yesu, kisha kujionyesha kuwa ana haki. Jipime hivi: jibu likija kinyume na unavyotaka, utabadilisha nini? Kama hakuna, swali lisubiri. Dalili nyingine ni swali refu kuliko jibu, au kumfuata mzee wa tatu kwa jambo ambalo wawili wamekwisha kukujibu sawasawa.

Ukishauliza, nyamaza. Wengi hushindwa hapa, wanaanza kujijibu mwalimu akiwa bado anafikiri. Mithali 18:13 inamwita mpumbavu anayejibu kabla ya kusikia, na muuliza swali hajasamehewa hapo. Rudia ulichosikia kwa maneno yako: "Nimekuelewa kwamba... ni sawa?"

Nyumbani na kazini, kigumu ni kumwuliza aliye chini yako: mzazi kumwuliza mtoto, kiongozi kumwuliza anayemwongoza. "Kuna tatizo?" itakuletea "hapana," kwa kuwa ndilo jibu salama kwake. Uliza "Nifanye nini tofauti wiki hii?" au "Niliposema vile mbele ya wenzako, ulijisikiaje?" Akijibu, shukuru na uishie hapo. Usijitetee siku hiyo, hata kama ameongeza chumvi. Ukijitetea, amejifunza kwamba hukutaka kujua, na mara nyingine atakuficha. Ukiwa na maelezo ya kweli, yape siku mbili tatu.

Kuna udaku unaojificha kwenye maombi: "Tumwombee kwa lipi hasa?" wakati mhusika hayupo. Muulize mwenyewe, naye akikataa kusema, ombeni bila kujua.

Na kuwauliza watu hakutoshi. Katika Yoshua 9, Waisraeli waliwahoji Wagibeoni, watu waliojifanya wametoka nchi ya mbali ili wapate agano la amani, wakaona mikate mikavu na viatu vyenye viraka, wakaridhika. Hawakutaka shauri la Bwana. Wakaapa kuwaacha hai, na baada ya siku 3 wakagundua kuwa watu hao ni majirani zao, lakini kiapo kikawafunga. Kwa hiyo jambo lenye ahadi ndani yake, iwe mkopo, uchumba au nafasi ya uongozi, usilijibu pale pale. Sema "Nitakujibu kesho," uombe usiku huo, na asubuhi mtafute mtu mmoja asiyefaidika na jibu lako, umwulize analionaje.