Kuendesha majadiliano kwenye darasa la wanafunzi 80

Ukiwaambia wanafunzi 80 "jadilianeni", utapata makelele, na wale watatu wa kila siku ndio watakaosema. Anza na ukimya.

Andika ubaoni swali moja lenye majibu manne. Mfano wa fizikia: jiwe limerushwa wima. Likifika juu kabisa, kabla halijaanza kushuka, ni nguvu gani inalivuta au kulisukuma (hewa tuiache)? 1: hakuna. 2: uzito wake tu. 3: nguvu ya mkono iliyobaki. 4: nguvu mbili zinazolingana. Sahihi ni 2, ila 1 na 4 huvuta wengi, maana kitu kilichosimama hudhaniwa hakiguswi na nguvu yoyote, au kina nguvu zinazofutana. Majibu ya makosa yachote kwenye madaftari yao wenyewe. Kosa ambalo hakuna anayelifanya halizui ubishi.

Wape dakika moja, kila mtu aandike namba yake kimyakimya. Ukihesabu tatu, waonyeshe vidole kifuani. Wakinyoosha juu, wa nyuma watanakili wa mbele.

Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliyeanza mbinu hii mwaka 1991, alikuwa na chuo kizima nyuma yake. Wewe macho ya kukadiria vidole yanatosha. Waliopata wakiwa chini ya asilimia 30 hivi, rudia somo, kwani hawana cha kupeana. Wakizidi 70, eleza kidogo usonge mbele. Hapo katikati ndipo pa kujadili: kila mmoja amtafute jirani mwenye namba tofauti, ambishie kwa hoja, dakika tatu. Wawili au watatu tu. Madawati usiyahamishe, wa mbele wageuke nyuma.

Waache wabishane kwa Kiswahili hata kama somo ni la Kiingereza, sentensi ya Kiingereza wataiandika mwishoni. Ukiwakataza, umewanyamazisha. Na wewe pita ukisikiliza bila kutikisa kichwa, maana wanausoma uso wako. Aliyeelewa dakika mbili zilizopita bado anakumbuka alipojikwaa, jambo ambalo mwalimu alishalisahau.

Pigeni kura tena, kisha muulize aliyebadili namba: "Nini kimekugeuza?" Mara nyingine darasa zima huhamia kwenye kosa, kwa kumfuata yule anayeongoza mitihani. Usiwape jibu haraka. Uliza: kama kule juu halina nguvu yoyote, mbona halibaki hapohapo hewani?