Mkuu usinunue hiyo hita! Mpashe mama joto, usipashe nyumba

Mkuu, hapo kwenye hita ya wati 2000 simama kwanza. Umeandika mama yako yuko Njombe peke yake, nyumba ya matofali ya kuchoma, bati juu, dari hakuna, unataka umpelekee hita kabla baridi ya mwezi wa saba haijachanganya, na wadau hapo juu wote wanakwambia nunua tu. Nimesoma nimeumia kwa kweli, maana kwetu Makete tulifanya hivyo hivyo na aliyeumia ni mama.

Piga hesabu mwenyewe. Wati 2000 ikiwaka saa moja inakula uniti 2. Mama atawasha jioni mpaka usiku, weka saa sita tu, hizo ni uniti 12 kwa siku moja. Sasa wazee wengi wanaotumia umeme kidogo wapo ile tarifu 4, kundi la bei nafuu la TANESCO, uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja, ukivuka hapo kila uniti inakuwa 350, na hapo bado VAT na tozo. Hita peke yake inamaliza hizo 75 hata wiki haijaisha! Mwezi mzima ni uniti 360, ukijumlisha na kodi unaongelea kama laki moja na thelathini, kwa mtu ambaye alikuwa ananunua umeme wa elfu tano anakaa nao wee mpaka anasahau. Halafu akiendelea kuvuka 75 anahamishwa tarifu, anapelekwa kwenye 292 kuanzia uniti ya kwanza, yaani hata taa na redio yake vinapanda bei. Mama yetu alihamishwa. Baridi ikaisha, hita ikaingia uvunguni, bei kubwa ikabaki pale pale mpaka tulipohangaika kuomba arudishwe.

Na sitamsamehe yule muuza vifaa vya umeme aliyetuuzia pale Mbeya mjini. Nilimweleza vizuri kabisa, ni ya mzee, kijijini, nyumba haina dari, akaniangalia usoni akasema "bosi hii inakula umeme kama taa tu". Taa gani? Taa ya LED ni wati 9! Mtu anajua unamnunulia mama yako, anajua kabisa mzee hana kipato, na bado anakudanganya ili auze boksi moja. Na lile boksi lina picha ya sebule ya Ulaya, zulia ukuta hadi ukuta, madirisha ya vioo viwili viwili. Kule nyumba imezibwa kila mahali, joto likiingia linakaa. Kwetu hewa ya moto inapanda juu, inakuta uwazi kati ya ukuta na bati, inaondoka zake. Mama alikuwa anakaa karibu na hita magoti yanaungua na mgongo unaganda.

Lakini pesa siyo kilichoniuma zaidi. Wazee wetu hawasemi, mkuu. Kila tukipiga simu, "joto lipo wanangu, Mungu awabariki". Dada akaenda siku moja bila kutoa taarifa, akakuta hita imefunikwa kitambaa cha kufuma, mama kajikunyata na vitenge viwili gizani, kazima mpaka taa, mita inalia pii pii uniti zimekaribia kuisha na yeye anaogopa kutuomba hela ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa mara nyingine. Na ile plagi ilikuwa imeshageuka kahawia, plastiki ya ekstensheni imelainika, kwa sababu waya wenyewe ni mwembamba ule wa kuchajia simu na sisi tumeupachika mzigo wa wati 2000. Ingeendelea kidogo tu ingekuwa habari nyingine.

Kwa hiyo pasha mtu, achana na nyumba. Lita moja ya maji kwenye birika la umeme inakula kama sehemu ya kumi ya uniti, kwa tarifu 4 ni shilingi kumi na kitu. Nunua ule mfuko wa mpira wa kujazia maji ya moto, miwili kama unaweza, mmoja miguuni mwingine mgongoni, inaingia kitandani nusu saa kabla hajalala. Usijaze maji yanayotokota, yaache yapoe kidogo, funga na taulo, na kama mama ana kisukari usiuache uguse miguu kabisa kwa sababu anaweza kuungua asisikie. Themosi kubwa ya chai au uji iwe karibu na kitanda asiamke usiku kwenda jikoni. Kofia ya sufu na soksi alale navyo. Na godoro, watu wanarundika mablanketi juu wakati baridi inapanda kutokea chini, tandika blanketi zito chini yake kwanza uone tofauti.

Ile hela ya hita weka dari, hata chumba chake cha kulala peke yake. Mbao za paini kutoka Mafinga siyo ghali, kama hazipatikani funga hata turubai safi kwa muda, ila hapo koroboi na mishumaa marufuku kabisa. Sisi tuliweka dari chumba kimoja, tukaziba chini ya mlango kwa gunia lililoviringishwa, dirisha lililokuwa na wavu tu likapata kioo. Mama sasa anavua koti akiingia chumbani, na umeme wake umerudi kuwa ule wa kukaa muda mrefu.

Halafu kuna mdau amesema "muingizie jiko la mkaa usiku". Ndugu yangu futa hiyo komenti. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, mtu analala haamki, na ukishaziba matundu kama nilivyosema ndiyo inaua haraka zaidi. Misiba ya aina hii huku Nyanda za Juu tunaijua. Jiko la mkaa libaki nje au kwenye banda la kupikia lenye uwazi, akote moto jioni na wajukuu, akienda kulala moto unabaki huko huko.

Kama umeshailipia hiyo hita, rudi dukani leo hii na risiti kabla hujafungua boksi, halafu mtume mtu wa jirani akapime urefu na upana wa chumba cha mama. Ukipata vipimo viweke hapa, nitakupigia hesabu ya mbao.