Kwenda Bhutan kwa njia ya barabara: anzeni na viza ya India

Ndugu, umeuliza kama wewe na mwenzako mnaweza kufika Bhutan mwezi Julai kwa kupitia India kwa treni na gari, na kama njia hiyo ni nafuu kuliko ndege. Niliipita mwezi Novemba 2023 nikitokea Nairobi. Inawezekana, ila mpango wenu uanzie kwenye viza ya India, si ya Bhutan.

Ya Bhutan haikunisumbua: wakala wa huko aliniombea, nikalipa dola 40, pamoja na ada ya maendeleo endelevu ya dola 100 kwa kila usiku, ambayo haipungui hata ukiingia kwa miguu. (Raia wa India hulipa rupia 1,200, kwa hiyo bei mtakazotajiwa njiani huenda si zenu.) Kilichonikwaza ni viza yangu ya India ya mtandaoni, ambayo wakati huo ilimruhusu mtu kutoka kwa nchi kavu lakini kuingia kupitia viwanja vya ndege na bandari maalumu tu. Muuza tiketi mmoja wa mtaani kwetu alikuwa amenihakikishia kwamba viza ya kuingia mara mbili inatosha, nami nikaujua ukweli nikiwa tayari Kolkata. Ikanibidi nirudi India kwa ndege kutoka Paro, kwenye uwanja wa ndege wa Bhutan, na nauli hiyo ikameza kila nilichokuwa nimeokoa. Nendeni ubalozini mkaombe viza ya kubandikwa kwenye pasipoti, ya kuingia zaidi ya mara moja, na mtaje Jaigaon, mji wa India ulio mpakani na Bhutan, kwa jina mnapouliza. Kama mnatoka Kenya, mtadaiwa pia cheti cha homa ya manjano, nacho huanza kutambulika siku ya 10 baada ya chanjo.

Kutoka Kolkata nilipanda Kanchan Kanya Express, treni ya usiku inayoanzia stesheni ya Sealdah, nikashuka Hasimara na kuchukua gari hadi Jaigaon. Hapo muwe macho. Jaigaon na Phuentsholing ya Bhutan ni kama mji mmoja uliogawanywa na lango: upande huu ni honi na wachuuzi, upande wa pili magari yanamsubiri mtu avuke barabara. Kwa kuwa wenyeji wa pande zote mbili hawahitaji viza, na ofisi ya uhamiaji ya India haiko langoni bali ndani ya mji, mgeni anaweza kujikuta amevuka bila muhuri wa kutoka. Mimi nilishafika langoni na begi mgongoni, nikarudi nyuma nikiulizia duka kwa duka, hadi nikampata afisa aliyeliandika jina langu kwa kalamu kwenye daftari, herufi moja moja, ndipo akagonga muhuri. Mkivuka, sogezeni saa mbele kwa nusu saa.

Kuhusu Julai, sishauri. Barabara ya Phuentsholing hadi Thimphu, mji mkuu, ni takribani kilomita 170, inapanda kutoka mita 300 hivi hadi zaidi ya 2,300, na wakati wa masika yao, Juni hadi Septemba, maporomoko ya ardhi huweza kuifunga. Hata Novemba, tulipofika Gedu ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba dereva alishusha kioo ili asikie malori yanayoteremka. Mkishindwa kuhamia Oktoba au Novemba, acheni angalau siku mbili tupu kabla ya ndege yenu ya kurudi nyumbani.