Jibu: Sijahama nyumba, mbona kituo changu cha kura kimehama?

Mkuu, umesema miaka yote ulipiga kura shuleni, sasa kadi ya posta inakupeleka kanisani, na nyumba ni ile ile ya Minneapolis, hapa Minnesota, Marekani. Wewe hujahama, iliyohama ni mipaka.

Kila baada ya sensa, Minnesota huchora upya majimbo ya uchaguzi. (Neno lenyewe linatuchanganya, maana Minnesota nzima nayo tunaiita jimbo. Hapa nasema jimbo la mbunge, kama nyumbani.) Baada ya sensa ya 2020 wanasiasa hawakuafikiana, ramani ikatolewa na jopo la majaji Februari 15, 2022. Si mara ya kwanza mahakama kuwamalizia kazi hiyo.

Ramani ikishatoka, miji nayo hupanga upya presinti, yaani vile vieneo vidogo ambavyo kila kimoja kina kituo chake. Presinti haitakiwi kukaa nusu jimbo hili, nusu lile, vinginevyo majirani wa foleni moja wangehitaji karatasi tofauti za kura. Mstari hufuata kitu kinachoonekana, kama barabara, mto au reli. Kwa hiyo jirani wa ng'ambo ya barabara anaweza kubaki shuleni huku wewe ukienda kanisani.

Kituo pia hubadilika kwa sababu ndogo tu, mfano jengo kutopatikana. Ingiza anwani yako kwenye tovuti ya Katibu wa Jimbo (Secretary of State, hapa jimbo ni Minnesota nzima), utaona kituo na karatasi ya kura ya mfano. Itazame vizuri, huenda hata mbunge wako si yule uliyemzoea.