Udongo wa kisima unajulikanaje umri wake?

SWALI: Nafanya kibarua kwenye mtambo wa kuchoronga hapa Lindi. Mtaalamu alichukua udongo wa kijivu wa vina mbalimbali, akasema ataujua umri wake kwa visukuku visivyoonekana kwa macho, kisha aulinganishe na wa Kilwa. Mimi naona wote ni ule ule. Anawezaje?

JIBU: Ndugu yangu, jicho lako halijakosea. Mfinyanzi wa pwani hii unafanana mno, ingawa mwingine ulitua baharini enzi za dinosaria na mwingine makumi ya mamilioni ya miaka baadaye. Rangi haitoshi. Mtaalamu huuloweka, huuosha juu ya chekecheke la matundu ya mikromita 63, kisha hukitazama kilichobaki kwa hadubini. Humo mna visukuku, yaani mabaki ya kale, vya foraminifera: viumbe vya baharini vya seli moja, vyenye magamba ya chokaa, vingi havifiki milimita moja. Aina zilizoelea majini zilienea bahari nyingi, zikabadilika umbo upesi, zikatoweka, hivyo kila aina ni alama ya wakati wake.

Chukua foraminifera iitwayo Hantkenina, ambayo kila chumba cha gamba lake kina mwiba. Ilitoweka miaka milioni 33.9 iliyopita, na kutoweka huko ndiko kunakotenganisha Eosini na Oligosini, vipindi viwili vinavyofuatana vya historia ya dunia. Mwamba wa rejea, yaani ule wanaojiolojia waliouchagua kuwa kipimo cha mpaka huo, uko Massignano, Italia. Miaka yenyewe haikuandikwa kwenye gamba, ilipimwa kwenye majivu ya volkano yaliyolala kati ya matabaka. Mpaka huohuo umechorongwa Pande, wilayani Kilwa, na magamba yametoka yakiwa maangavu kama kioo, kwa kuwa mfinyanzi ulizuia maji kupenya. Mkishuka, Hantkenina ikianza kuonekana mita 40 kwako na mita 90 kwingine, vina hivyo viwili ni vya wakati mmoja.

Sasa sikiliza hili, maana linakuhusu wewe kuliko mtu wa maabara. Mnapochoronga, vipande vya juu humomonyoka ukutani na kuchanganyika na vya chini. Gamba lililotoka mita 200 huenda ni la mita 80. Kwa hiyo tunaamini zaidi pale aina inapoonekana mara ya kwanza mkishuka, yaani mwisho wa uhai wake. Inapoishia chini hatupategemei. Hata hapo mtaalamu hukagua kama gamba limechakaa, kwani mito huchimbua visukuku vikongwe na kuvizika upya kwenye tope changa.

Matope ya kuchorongea, yanayobeba vipande, huchukua muda kupanda kutoka chini, na kina kikiongezeka muda huongezeka. Mwombe fundi asimamishe kuchoronga, matope yaendelee kuzunguka mpaka vipande vya kina hicho vifike, ndipo ujaze mfuko. Andika kina papo hapo.